Diski ya Chumvi

Tarehe 3 Machi

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa ukimya wangu. Najua umekwisha kujiambia kwamba hutafungua tena sanduku la barua, na najua pia kwamba unalifungua kila siku. Tangu tulipomzika wifi yako nimekuwa nikianza barua na kuishia kwenye tarehe. Kalamu ilikuwa nzima. Aliyekauka ni mwenye kalamu. Leo nimevuka salamu bila kusimama, kwa hiyo nitaendelea kabla sijashtuka.

Afya ni njema. Goti hulalamika ninapopanda ngazi na kunyamaza ninaposhuka, nasi tumekubaliana hivyo. Kazi za kupaka rangi zipo. Mwezi uliopita nilipaka duka lililokuwa likikodisha filamu, ambalo sasa litauza viatu. Mwenye duka alikuwa akitupa maboksi ya diski, akaniambia nichukue ninayoitaka. Nilichukua moja kwa sababu ya jalada lake: mwanamke mwenye joho jeupe amesimama juu ya ncha ya tete, na tete halikuinama.

Ni filamu ya Kichina, ya mapanga na mapenzi. Ndani yake mna diski tatu, na maandishi yaliyo juu yake kwangu ni nyayo za kuku. Sikujua ipi ni ya kwanza. Nikazionja zote kidogo, nikaona moja ni nyeupe tangu mwanzo hadi mwisho, nyingine ni ya manjano, na nyingine ni nyekundu. Hapo sikuhitaji tena kusoma. Fundi rangi yeyote anajua kwamba mtu huanza na nyeupe, hufuata iliyokolea kidogo, humalizia na iliyokolea zaidi. Ukigeuza, ukuta utakusuta mbele ya watu.

Basi nikaanza na nyeupe. Dada, nimepaka rangi nyeupe tangu ujana wangu, na sikujua kwamba ziko nyingi hivyo. Kuna uwanda wa chumvi usio na mwisho, mbingu nyeupe juu yake, na katikati watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye majoho meupe. Weupe wa chumvi una ubuluu kwa mbali. Weupe wa majoho umechanganyika na maziwa. Weupe wa mapanga una moto ndani yake. Wawili hao wanapigana kutwa bila kusema neno, na kila wanapozunguka, chumvi inaruka na kutua taratibu kama unga uliopulizwa. Mwishowe mwanamke anaanguka. Mwanamume anaweka upanga wake chini, analala kando yake, na upepo unawafunika chumvi kama mtu anayefunika watoto shuka. Diski ikaisha hapo. Mimi nikasema kwa sauti: wamechoka, wamelala, kesho wataamka.

Nilisema kwa sauti kwa sababu sikuwa peke yangu. Mimi nina runinga na sina deki ya kuchezea diski. Jirani ana deki na hana runinga. Jirani anashona mapazia. Kwa hiyo kila Jumapili jirani huja na deki yake chini ya kwapa, tukatazama, na jirani akaondoka nayo.

Kuhusu chumba cha nyuma ulichoniandalia, sijasahau. Nitakujibu.

Mdogo wako,
Kinyonga


Tarehe 12 Machi

Kinyonga,

Marahaba. Barua yako nimeipokea, nimeisoma na nimeisahihisha, maana mtu aliyesoma prufu, kurasa za kusahihishwa, katika kiwanda cha uchapaji mpaka akastaafu haachi tabia kwa kuvua miwani. Umeandika vizuri. Nimefurahi kuliko nitakavyoandika hapa.

Kazi ile ilinifundisha kutazama pale mwandishi anapojificha. Wewe umejificha nyuma ya neno "jirani". Jirani anakuja, jirani anaondoka, jirani ana deki. Huyo ni mtu au ni kabati? Deki ni kitu cha kukaa mahali pamoja. Ikiwa inabebwa kwapani kila Jumapili na kurudishwa jioni, ama jirani haamini nyumba yako, ama anatafuta sababu ya kurudi. Nijibu kwa ukamilifu.

Kuhusu filamu, mtu mzima akisimama juu ya tete na tete lisiiname, ama mtu ana kasoro, ama tete lina kasoro. Nimewahi kuona filamu za aina hiyo nikipita nyuma ya kiti cha mkwe wangu. Watu wanapigana huku nywele zao zinapepea vizuri. Ukiona wapiganaji wana nafasi ya kupepewa nywele, ujue hakuna vita.

Nilikuita Kinyonga tangu ulipokuwa mdogo, uliporudi nyumbani kila siku na rangi nyingine usoni, na mama akakusugua kwa mafuta ya taa. Sikukuita hivyo ili ubadilike kila unapowekwa kando ya mtu. Uliniahidi baada ya msiba kwamba utahamia kwangu. Chumba cha nyuma kiko tayari. Kitanda nimekisogeza dirishani ili upate jua la asubuhi. Kuta sikuzipaka, kwa kuwa kumpakia fundi rangi chumba ni kumpikia mpishi. Mwanangu yuko safarini siku zote, mkwe huondoka alfajiri kwenda kazini, na nyumbani hubaki mimi na saa ya ukutani. Saa ndiyo inayozungumza zaidi.

Dada yako


Tarehe 20 Machi

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Umenikamata. Sasa nasema kwa ukamilifu.

Jirani ni mwanamke. Ni mjane kama mimi nilivyo mgane, ila yeye amekuwa hivyo muda mrefu zaidi, na watoto wake wanaishi mbali. Mtaani wanamwita Bi Pindo, kwa sababu hawezi kumwacha mtu apite na pindo lililofumuka. Juzi alimshona muuza dawa suruali ikiwa mwilini, na yule bwana akaendelea kuhesabia wateja vidonge. Siku ya kwanza aliponiona juu ya ngazi aliniambia kwamba suruali yangu imepakwa vizuri kuliko ukuta. Nikamwambia suruali hailalamiki. Tangu hapo tunasalimiana kwa matusi madogo ya aina hiyo, na siku asiponitukana nahisi nimeugua.

Nakuandikia sasa diski mbili zilizobaki, uone mwenyewe kama ni upuuzi.

Ya manjano ni ya matete. Ni ziwa lililokauka nusu, matete yamefika rangi ya mkate uliotoka jikoni, na upepo unayalaza upande mmoja kisha mwingine. Wawili wetu wameamka kwenye chumvi na sasa wanakimbia pamoja, askari wako nyuma yao. Hawakimbii katikati ya matete, wanakimbia juu yake. Najua utakachosema. Lakini mwenye filamu anatuonyesha kwanza ndege mdogo anatua juu ya tete na tete linainama. Halafu mwanamke anatua na haliinami. Ameweka ndege yule makusudi. Ni kama anatuambia: najua kama mnavyojua kwamba haiwezekani, sasa nyamazeni mtazame. Askari mmoja anampasua mwanamke mkono wa kushoto wa joho lake jeupe. Jioni, kwenye maficho, mwanamume anachomoa uzi mwekundu kutoka kwenye mshipi wake na kuushona mkono ule. Anashona vibaya kupita kiasi. Bi Pindo alicheka mpaka akatoka nje kupumua.

Nyekundu ni ya kiwanda cha kutia nguo rangi. Uani wametundika vitambaa virefu vilivyolowa, vyekundu vyote, vinadondosha rangi kwenye mawe. Wawili hao wanapigana humo ndani. Humwoni mtu. Unaona kitambaa kimevimba umbo la bega, kisha bega limeondoka. Ncha ya upanga inapita, kitambaa kinapasuka wima, na kwenye mpasuko kuna jicho moja. Wanapigana na hawagusani kabisa, Dada, kitambaa ndicho kinachoguswa. Nikamuuliza Bi Pindo kwa nini wanapigana wakati ni wapenzi tangu kwenye matete. Akasema ni kwa sababu kila mmoja ana neno na hakuna anayetaka kuanza. Mwishoni kuna harusi, taa nyekundu, mshipi mwekundu unafungwa mikononi mwao wote wawili, na imekwisha.

Lugha yao hatuielewi hata neno, na maandishi yaliyo chini ya picha ni nyayo za kuku zilezile. Lakini hatukupotea. Kwanza chumvi, kisha matete, kisha wekundu. Mtu anaanguka, analala, anaamka, anakimbia, anafika harusini. Mimi nimekwisha lala kwenye chumvi yangu. Ndiyo maana nilishindwa kuandika, na ndiyo maana sasa naandika.

Nataka kumposa Bi Pindo. Nikimposa na akikubali, sitahamia kwako. Hilo ndilo nililokuwa nikilizunguka. Sitaki kulifanya bila baraka yako. Mwambie mkwe akutafutie filamu hii, jalada nimekueleza. Uitazame, halafu uniambie kama nimekosea.

Mdogo wako,
Kinyonga


Tarehe 2 Aprili

Kinyonga,

Nimeitazama. Mkwe aliipata kwenye kompyuta yake, ikiwa na tafsiri chini ya picha. Rangi ni nzuri. Yule ndege nimemwona. Tete bado linanisumbua, lakini kidogo.

Kuhusu posa, usifanye haraka. Subiri barua yangu nyingine.

Kitanda kiko dirishani.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Kwa Bi Pindo,

Salamu. Hunijui, nami sikujui ila kwa maelezo ya mdogo wangu, fundi rangi unayembebea deki. Nisamehe kwa kukuita jina la mtaani. Ndilo pekee aliloniandikia, na ameliandika kwa upendo unaovuka mpaka wa adabu.

Nakuandikia kwa siri, jambo ambalo si tabia yangu. Ndugu yangu amezipanga diski kwa kanuni ya kupaka ukuta, kutoka rangi hafifu kwenda iliyokolea. Nimeitazama filamu ileile ikiwa na tafsiri, nayo ina mpangilio mwingine. Nyekundu ni ya kwanza. Wawili hao wanapigana kati ya vitambaa kwa sababu hawajuani bado. Mwanamume ametumwa kumkamata binti wa mtia rangi, na badala ya kumkamata anamwoa. Kisha wanakimbilia matete. Chumvi ni ya mwisho. Jenerali ameteka mji wao, na amesema ataachilia watu ikiwa mmoja wa wawili hao atamuua mwenzake mbele ya jeshi. Wanapigana kutwa, kila mmoja akitafuta namna ya kushindwa kabla ya mwenzake. Mwanamke anafaulu, na mwanamume anajilaza kando yake afe naye. Hawakulala, Bi Pindo.

Mkwe wangu aliniuliza kama nina mafua. Nikamwambia ndiyo.

Sasa nieleze shida yangu. Ninaweza kumwandikia ndugu yangu sentensi moja tu, na ninamjua: atafunga brashi zake na kuja kukaa katika chumba changu cha nyuma, akiamini kwamba mambo yote huishia kwenye chumvi. Sentensi hiyo ni ya kweli. Nimelipwa maisha yangu yote kuandika sentensi za aina hiyo pembeni mwa kurasa za watu, na sijawahi kuacha kosa lipite. Lakini safari hii kalamu imekataa, kwa sababu naona ninaitaka mno. Ukweli unaonifaa mimi kiasi hiki, naona afadhali upitie mikononi mwa mtu mwingine kwanza.

Amenieleza nia yake kwako. Ikiwa hajakueleza, basi sikuandika mstari huu.

Nishauri. Nimwambie, au ninyamaze?

Wako kwa heshima,
Dada wa fundi rangi


Tarehe 11 Aprili

Dada yangu,

Salamu nyingi. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mwandiko wako umenyooka kama pindo la gauni la bibi harusi. Wangu utausamehe, mkono huu umezoea sindano.

Huyo ndugu yako hajaniambia nia yoyote. Kila Jumapili anakohoa kabla ya diski nyekundu, nami nanyamaza ili aseme, naye anasema kwamba sauti ya runinga iko chini. Kwa hiyo mstari wako sikuusoma, ila nimeukunja vizuri na kuuweka.

Kuhusu diski, Dada, nilijua. Nilijua tangu tulipoona ile ya manjano. Kwenye chumvi, mkono wa kushoto wa joho la mwanamke una mishono myekundu, mirefu na mifupi, mishono ya mtu aliyeshikishwa sindano kwa nguvu. Kwenye matete mkono unapasuka na kushonwa mbele ya macho yetu. Kwenye harusi joho ni lilelile, na mkono ni mzima kabisa, haujawahi kuguswa. Nimeshona nguo na mapazia maisha yangu yote na sijaona nguo inayochakaa kurudi nyuma. Nilitoka nje siku ile nikicheka, kweli, lakini nilikaa nje zaidi ya kicheko.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Hukumwona yeye siku ya diski ya chumvi. Nilipoanza kumjua alikuwa mtu wa kupaka ukuta na kuondoka, hata kivuli chake alikibeba mapema. Siku ile wale wawili walipofunikwa chumvi, akasema, wamelala, kesho wataamka. Alisema kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Nikarudi nyumbani na deki yangu nikaketi nayo mapajani. Ungemwambia nini mtu kama huyo? Nilijiambia nitamwambia Jumapili ijayo. Zimepita Jumapili kadhaa.

Ndiyo, hiyo deki uliyoitaja ningeweza kuiacha kwake. Umeniumbua, lakini kwa haki.

Sasa nakujibu. Usimwambie wewe. Nitamwambia mimi, na si kwa huruma. Mimi sitaki kuposwa na mwanamume anayedhani kwamba harusi ndiyo diski ya mwisho. Mimi na yeye tumekula chumvi nyingi, Dada. Mmoja wetu atamzika mwenzake, na hilo halihitaji tafsiri chini ya picha. Niliwahi kuzika, na yeye amezika. Akitaka kuniomba, aniombe anajua kilichoko mbele. Akishindwa, atakuja kwako, na nitamsaidia kufunga mizigo, na nitamtukana mpaka stendi asije akanikumbuka vibaya.

Na wewe, chumba chako cha nyuma kina dirisha la upana gani? Amesema umeweka kitanda dirishani, jua la asubuhi linaingia. Hakutaja pazia. Ndugu yako anaweza kulala dirisha likiwa uchi kwa kuwa ni mwanamume na ni fundi rangi, lakini wageni wengine wana haya. Mimi kazi yangu ni kuunga vipande. Sijawahi kulipwa kwa kuchana. Yeyote atakayekuwa nyumbani kwangu hatapotea kwako. Nipe vipimo.

Asiyekuwa wifi yako, mpaka sasa,
Bi Pindo


Tarehe 19 Aprili

Kwa Bi Pindo,

Nimesoma barua yako na sikupata kosa la kusahihisha, hali iliyonikosesha raha siku nzima.

Mwonyeshe. Ila kabla ya kumwonyesha mpe chai, na umkalishe mbali na ngazi.

Vipimo vya dirisha nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Nilipima mwenyewe, nikiwa juu ya kiti, na mkwe akanishika kiuno kana kwamba ninaruka juu ya matete. Nimemwambia hivyo, akacheka, na nikagundua kwamba ilikuwa mara ya kwanza tunacheka pamoja tangu aolewe na mwanangu. Sasa anataka tutazame nyingine kila Jumamosi. Amesema ipo moja yenye mapambano juu ya mapaa ya nyumba chini ya mvua. Nimemwambia mapaa yana utelezi na mtu mwenye akili hawezi kupigana juu yake. Tutaitazama kesho kutwa.

Kitanda kilichoko ndani ni cha mtu mmoja. Leo nimemwita seremala akiongeze upana. Aliniuliza sababu, nikamwambia kwamba seremala hapaswi kuuliza sababu.

Wako,
Dada wa fundi rangi


Tarehe 6 Mei

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Nasikia seremala amekuja kwako. Usishtuke, nimeambiwa yote, hata mafua yako.

Bi Pindo alinipa chai, kitu ambacho hajawahi kunipa bila kunisimanga, kwa hiyo nilijua kuna jambo. Akatia diski ya chumvi, akaisimamisha mahali mwanamke anapoinua mkono, akaweka kidole chake juu ya kioo. "Ona mshono huu," akasema. Sikuelewa. Akatia ya harusi, akaisimamisha, akaweka kidole mahali palepale. Mkono ulikuwa mzima. Alikaa akikunja kitambaa chake na kukikunjua.

Nitakuambia ukweli, nilinuna. Niliondoka nyumbani kwangu mwenyewe na kumwacha yeye ndani. Kesho yake nilikuwa na mlango wa mteja, nikaupaka rangi ya juu kabla ya rangi ya chini, kosa ambalo sikulifanya hata nilipokuwa mwanafunzi. Ikanibidi niupige msasa wote nianze upya. Nikiwa hapo, vumbi usoni, nikaona nimekasirika kwa sababu watu wawili wa kwenye diski wamekufa baada ya kuoana badala ya kabla. Nikamwona mteja ananitazama, maana nilikuwa nacheka peke yangu.

Jumapili nilimwomba tuitazame ilivyotengenezwa. Nyekundu kwanza.

Dada, ni filamu nyingine. Kwenye vitambaa sikuona tena utani wa wapenzi. Niliona watu wawili wanaogopana, na lile jicho kwenye mpasuko linaona jicho lingine kwa mara ya kwanza. Wakati wa harusi, ule mshipi mwekundu ulipofungwa mikononi mwao, Bi Pindo alinigonga kwa kiwiko, kwa kuwa alijua nitakachokiona baadaye. Kwenye matete mwanamume anachomoa uzi kutoka kwenye mshipi uleule. Anauharibu mshipi wa harusi yake ili kushona mkono wa joho. Mara ya kwanza nilicheka mishono yake tu. Sikujua anachomoa kitu gani.

Halafu chumvi. Nilikuwa nimejiandaa kwa huzuni, na huzuni ilikuja, sitaki kukudanganya. Lakini mimi ni mtu wa rangi, na macho yangu yalikwenda yenyewe. Weupe wote ule, juu na chini, na majoho meupe, na upepo unaleta weupe mwingine. Na kitu cha mwisho kinachoonekana kabla chumvi haijafunika kila kitu ni ule uzi mwekundu kwenye mkono wa kushoto. Nilipoanza na diski hii, uzi ule niliuona kama tone lililodondoka kutoka kopo jingine. Nikausamehe kama tunavyosamehe uchafu. Sasa nimeona ulikotoka. Mwenye filamu alikuwa na wekundu mwingi mno mwanzoni, ua mzima, na aliubeba mpaka mwisho, kidogo kidogo, hadi ukabaki uzi. Lakini ulifika.

Wifi yako aliyetutoka alikuwa na kikombe cha bluu. Bado ninakinywea. Sikuwahi kukuambia.

Sikungoja kukohoa. Nikamwomba pale pale, deki ikiwa bado ina moto. Bi Pindo hakunitazama. Alinyoosha pindo la kitambaa chake juu ya goti.

"Unajua diski ya mwisho ni ipi?" akaniuliza.

"Ya chumvi," nikasema.

"Na bado unaniomba?"

"Bado nakuomba."

Aliinama, akasema kwamba suruali yangu imefumuka chini na kwamba mtu anayeposa angevaa nyingine. Akatoa sindano. Nilisimama nikashonwa kama muuza dawa. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akaniambia atanijibu akishamaliza kazi aliyonayo kwenye cherehani, kwa kuwa hapendi kuamua mambo mawili kwa wakati mmoja. Akaondoka. Deki ameiacha kwangu.

Asante kwa sentensi ambayo hukuniandikia. Ungeiandika, ningekuja, na ningekaa chumbani mwako kama begi. Sasa nitakuja kama fundi. Jibu lake likiwa vyovyote litakavyokuwa, mwezi ujao nakuja kupaka chumba cha nyuma, na nimekwisha chagua rangi: nyeupe ya chumvi, yenye ubuluu kwa mbali. Mwambie mkwe asianze ile ya mapaa na mvua kabla sijafika. Kama mmekwisha itazama, itazameni upya na mjifanye hamjui.

Kazi iliyoko kwenye cherehani ya Bi Pindo nimeiona nilipomrudishia ndoo niliyoazima leo asubuhi. Ni kitambaa chekundu, kirefu, kizito, chenye kung'aa kidogo. Ameniambia ni pazia la dirisha lako, na kwamba vipimo umempa wewe mwenyewe. Sikubishana naye. Nimepaka vyumba vingi, Dada, na mapazia nimeyashusha na kuyatundika ya kila aina, ila sijawahi kuona pazia lenye mikono.

Akishaamua, nitakuandikia.

Mdogo wako,
Kinyonga